RAM ya kompyuta ya mezani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo ni mashine za ofisi zilizotumika: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ukitaka kuiongezea RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi, usianze kuulizia bei. Fungua kava, usome stika ya RAM iliyomo.

DDR3 na DDR4 ni vizazi vya RAM: kwenye stika PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4, na haziingiliani kabisa. Usikisie kwa umri wa prosesa: OptiPlex 3040 na 7040 zote ni za kizazi cha sita cha Intel, lakini 3040 hutumia DDR3L (DDR3 ya volti ndogo) na 7040 hutumia DDR4. Kisha tafuta herufi inayofuata namba, kama PC3-12800U. U ni ya mezani, S ni ya laptopu, R ni ya seva. Vimashine vidogo vinavyofungwa nyuma ya skrini huchukua zile fupi za laptopu, ingawa vinaitwa vya mezani.

Chaguo langu la kwanza ni kipande kimoja cha GB 8 kinachofanana na cha GB 8 ulichonacho. Unapata 16, na vikiwa viwili prosesa huvisoma kwa pamoja. Ambaye hana kadi ya grafiki ataiona tofauti. Kununua iliyotumika si tatizo, mradi muuzaji akupe siku za kurudisha.

La pili ni jozi ya 8 na 8, kama iliyomo ni GB 4. Usiongeze pesa kwa ajili ya spidi ya 3200 ikiwa mashine yako inaishia 2400, maana itashuka tu. Kipande kimoja cha 16 nakiweka cha tatu: kinafaa ukipanga kuongeza kingine baadaye. Mwenye mashine ya DDR3 atosheke na GB 8, na kama bado inatumia hadidiski ya kuzunguka, pesa inayobaki iende kwenye SSD, diski isiyozunguka. Hapo ndipo uzito wa mashine unapotoka.

Za mwisho ni zile za bei ya kushangaza. Mara nyingi ni za seva, au DDR3 zinazokubali mashine za AMD peke yake. Na ukiwa na Windows ya biti 32, hata uweke 16 itatumia zisizozidi GB 4.

Kufunga hakuhitaji fundi. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kava. Linganisha pengo la RAM na kizingiti cha sloti, kisha kandamiza ncha zote mbili mpaka klipu zilie. Penye sloti nne za rangi mbili, jozi hukaa kwenye rangi moja. Kompyuta ikipiga mlio bila kuleta picha, chomoa RAM, isugue meno ya dhahabu taratibu kwa raba safi, uirudishe.

Fanya hayo dukani ukiweza, ufungue Task Manager ya Windows uone kiasi, spidi na sloti zilizotumika. Nyumbani iache MemTest86, programu ya kupima RAM, ikimbie usiku kucha. Ikitoa kosa hata moja, rudisha kipande asubuhi pamoja na risiti.