jQuery kwenye ukurasa wa mashua ya ami: uzoefu wangu wa mwaka mmoja

Ami yangu ana mashua hapa Lamu, huwapeleka wageni Takwa, kwenye yale magofu ya kisiwa cha Manda. Mkondo wa kuingilia kule unapita katikati ya mikoko, na maji yakipwa hakupitiki. Kwa hiyo saa ya kuondoka haitulii, kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Nikamtengenezea ukurasa ambao saa hiyo inajibadilisha kwa tarehe, na kazi yote nikaifanya kwa jQuery, maktaba ya kodi zilizoandikwa tayari kwa JavaScript, lugha inayoendesha kurasa za wavuti.

Utamu wake ni ufupi. Unaiita elementi, yaani kipande cha ukurasa, kwa id yake (jina lake kwenye kodi) na kuipa maneno mapya:

$('#saa').text('Saa 3:40 asubuhi');

Basi, imekwisha. Mtunzi wake, John Resig, alipoitoa mwaka 2006, kila kivinjari kilikuwa na lahaja yake, kama sisi na watu wa Mvita, na jQuery ndiyo iliyokuwa mkalimani. Leo vivinjari vinaelewana zaidi, lakini mkono umeshazoea.

Kilichoniudhi ni ukimya wake. Siku moja niliupanga upya ukurasa, id nikaigeuza kuwa saa-takwa, kwenye kodi nikasahau. jQuery ikaitafuta #saa, haikuiona, ikanyamaza. Konsoli, pale kivinjari kinapoonyesha makosa, safi, hakuna hata mstari mwekundu. Ukurasa ukabaki na saa niliyoiandika kwa mkono wiki moja nyuma, na anayeijua bahari anajua: baada ya wiki, saa ya maji kujaa huwa ndiyo saa ya maji kupwa. Wageni sita wakafika gatini, mashua imekaa juu ya matope. Ami akanipigia: "Mwanangu, hiyo kompyuta yako imewaambia nini watu hawa?"

Kosa ni langu, sikatai. Ila JavaScript tupu ingepiga kelele. document.querySelector('#saa') ingerudisha null, yaani "hakuna kitu", na ukijaribu kuiwekea null maneno (textContent), kodi inakatika papo hapo na konsoli inakuonyesha mstari wenyewe.

Jambo jingine, .html(), amri inayoweka maneno pamoja na alama za HTML zinazounda ukurasa, si ya kuchezea. Niliitumia kuonyesha salamu za wageni, binamu yangu mtundu akaandika salamu yake ndani ya <h1>, alama ya kichwa kikuu, ikatokea kubwa kuliko jina la mashua! Angeweza kuingiza kitu kibaya zaidi ya hicho. Maneno ya watu yapitishe kwenye .text(), alama zitabaki alama. Tena ukichukua .html() ya kisanduku, ukaiongezea kitu na kuirudisha, kila kilichomo kinaundwa upya. Kitufe changu cha kuweka nafasi kilikuwa kikionekana vilevile, ukikibonyeza hakijibu. Nilihangaika nacho usiku kucha kabla ya kujua kwamba .append() huongeza bila kuvigusa vilivyokuwamo.

Halafu kuna uzito. Faili lake, hata likishabanwa kwa kuondoa nafasi na maelezo yasiyohitajika, ni kama kilobaiti 87, na likikandamizwa njiani hubaki karibu 30. Si mzigo mkubwa, lakini kwa kubadilisha saa moja tu ni kukodi jahazi uvushe kikapu cha maembe.

Ninaipa nyota tatu. Ukurasa wa Takwa nimeuhamishia JavaScript tupu, mistari minne. Ule wa picha nimeuacha na jQuery, sina nguvu ya kuufumua. Ami naye ametundika ubao wa chaki gatini, na kila asubuhi hunitumia picha yake nilinganishe.