Wiki 16 na kocha wa WhatsApp: nilivyojiandaa na Kilimanjaro Marathon

Tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, kila mwenye raba kageuka kocha. Namba zinazunguka kwenye magrupu: lipia mwezi, utumiwe programu, 42 utaimaliza. Wenzangu wa joging ya Jumamosi wanajua kwamba mimi niliwahi kulipia huduma ya namna hiyo kabla mambo hayajachangamka, kwa hiyo kila wiki kuna anayeniuliza kama inasaidia au ni kuliwa hela tu. Naandika hapa mara moja ili nipumzike.

Nilijiunga mwanzoni mwa Novemba 2024. Lengo lilikuwa Kilimanjaro Marathon ya Februari 2025, ile ya kilomita 42. Nusu marathoni nilishakimbia tatu, zote Dar, zote tambarare. Kocha anaishi Arusha, jina lake silitaji kwa sababu mengine nitakayosema si mazuri. Ada ilikuwa 45,000 kwa mwezi kwa miezi 4, unatuma kwa simu kisha unaingizwa kwenye grupu. Programu inakuja kila Jumapili jioni kama PDF ya ukurasa mmoja. Wewe kila ukimaliza zoezi unatuma skrinshoti ya Strava, ile app ya simu inayorekodi mbio, naye anakujibu kwa ujumbe wa sauti, huku jogoo wanawika nyuma yake.

Kwa asiyeijua njia ya Moshi: ukitoka uwanja wa Ushirika, nusu ya kwanza unakwenda barabara ya Himo na kurudi mjini, mwinuko wake si wa kutisha. Shughuli inaanza ukishazimaliza 21. Huku wale wa nusu marathoni wameshavaa medali wanakunywa soda, wewe unageuzwa uso kuelekea mlimani na kuanza kupanda Mweka. Ni karibu kilomita 10 za kupanda, migomba huku na kahawa kule, watoto wanakushangilia kwa sauti ambayo kwa wakati huo unatamani wangeipunguza. Unageuka kwenye kama kilomita ya 32, unashuka njia ile ile. Saa yangu ilihesabu zaidi ya mita 300 za kupanda kwenye kipande hicho peke yake. Mkazi wa Sinza ya Dar kama mimi, mita 300 anaziona akipanda lifti.

Nianze na nililolipenda. Kabla ya kumpata kocha, mimi nilidhani mazoezi ya kilima ni kwenda kilimani asubuhi ukiwa na nguvu zako, ukapanda na kushuka mpaka uchoke. Wiki ya kwanza tu akanipigia: "Dada, Mweka huukuti ukiwa mbichi. Mlima uweke mwisho." Kuanzia hapo mbio ndefu zote za Jumapili zilikuwa na umbo moja. Natoka Sinza saa 11 alfajiri kabla jua halijawa na hasira, naingia barabara ya Bagamoyo, nakula kilomita 15 au 18 za tambarare, halafu narudi Chuo cha Ardhi na kuanza kupanda Makongo kwenda Goba. Kwa wasioijua Makongo, ile barabara haina huruma. Ukidhani umemaliza kilima, kinakuja kingine, na bodaboda wanakupita wakikuuliza kama unapelekwa.

Hilo la kupanda na miguu iliyochoka lilinibadilisha. Mara ya kwanza, kilomita ya 19, nilitembea nusu ya Makongo nikiwa na hasira na kocha, na mimi mwenyewe, na aliyeichora hiyo barabara. Kufikia katikati ya Januari nilikuwa napanda yote kwa mwendo wa kobe bila kusimama. Kocha alinikataza kabisa kuangalia kasi kwenye saa nikiwa kwenye mwinuko. Kipimo kilikuwa pumzi: kama huwezi kusema sentensi nzima, umezidisha, punguza hatua. Nilikuwa namsalimia kila mzee niliyempita, "Shikamoo mzee," na kama shikamoo imekatika katikati, najua nimekwenda mbio kuliko uwezo. Wazee wa Makongo wanaamini nina adabu sana.

Jumatano zilikuwa za vilima vifupi. Mimi nilitumia ile barabara ya kupanda Mlimani, upande wa chuo kikuu. Unapanda kwa dakika 2 kwa nguvu, unashuka, unapanda tena, tulianza na mara 5 tukafika 10. Kwenye PDF kila wiki kulikuwa na mstari huu: "Shuka kwa kutembea, upumzike." Ukumbuke huo mstari.

Siku mbili kwa wiki zilikuwa za kuimarisha miguu nyumbani, kupanda na kushuka stuli, kunyanyua visigino kwa ajili ya vigimbi, na ile ya kukaa ukutani bila kiti mpaka mapaja yatetemeke. Hapo sina la kusema, yanafanana na ya kila mahali na yanasaidia.

Sasa malalamiko. Programu ya Jumapili jioni mara nyingi ilifika Jumatatu mchana, wakati Jumatatu alfajiri nilishakimbia nilichojisikia. Mara mbili aliniandikia nifanye mwinuko kwenye mashine ya jimu, wakati nilimwambia siku ya kwanza kabisa kwamba jimu sina. Na wiki ya 7 ukurasa ulikuja ukiwa na jina la mtu mwingine juu, mwanamume, lengo lake kumaliza chini ya saa 3 na nusu. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka nilipogundua kwamba mazoezi yaliyo chini ya jina lile ni yale yale niliyotumiwa mimi wiki iliyotangulia, neno kwa neno. Nilipomuuliza akasema ni makosa ya kutuma. Sawa. Ila ukiambiwa programu imeandaliwa kwa ajili yako peke yako, uliza mara mbili.

Kubwa kuliko yote nililigundua Morogoro.

Mwezi Januari alitushauri walioko Dar tutafute mlima wa kweli hata mara moja. Wazo zuri, na tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 limekuwa jepesi: unaondoka asubuhi, chini ya saa 2 uko Morogoro, unapanda milima ya Uluguru hadi Morningside kwenye lile jengo la zamani la Wajerumani, jioni unarudi kulala kwako. Nilikwenda Jumamosi moja. Kupanda nilipanda vizuri, kwa kutembea sehemu kali na kukimbia palipolegea. Nilijiona bingwa.

Kushuka ndiko nilikojulikana. Nilikuwa na haraka ya treni, nikashuka nakimbia, kisigino mbele, mwili nimeuegemeza nyuma kama mtu anayeogopa mbwa. Nyuma yangu nikasikia hatua. Alikuwa mama wa makamo, tenga la mboga kichwani, kandambili miguuni, anakwenda sokoni. Nikampisha. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mbona unajipigiza hivyo? Utavunja magoti." Hakusimama. Nilimwangalia alivyoshuka: hatua fupi fupi, za haraka, magoti yamekunjika kidogo, kiwiliwili kimetulia na lile tenga halitikisiki. Mguu wake ulikuwa unagusa chini na kuondoka. Wangu ulikuwa unagonga na kukaa. Nilijaribu kumfuata kwa kumuiga, akapotea kwenye kona ya tatu.

Siku tatu zilizofuata ofisini nilikuwa nashuka ngazi kwa ubavu, nimeshika ukuta. Misuli ya mbele ya mapaja ilikuwa haishikiki. Nikamweleza kocha, akajibu: "Hayo maumivu ya kawaida dada, pumzika tu." Na kweli yalikuwa ya kawaida, lakini yalikuwa na habari ndani yake ambayo yeye kama kocha alipaswa kuisoma. Unapopanda, msuli wa paja unafanya kazi huku ukijifupisha. Unapokimbia kushuka, unafanya kazi ya breki, unakaza wakati huo huo unavutwa kurefuka, na hapo nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Ndiyo maana maumivu yanakuja kesho yake na keshokutwa. Habari njema ni kwamba msuli unajifunza upesi: ukishauumiza hivyo mara moja na kuuacha upone, safari inayofuata hauumii kiasi kile. Mazoezi mawili matatu ya kushuka kwa kukimbia, yakiachana wiki moja au mbili, yanatosha kuleta tofauti kubwa. Haya niliyasoma baadaye, kwa muda wangu, wakati ada nilishalipa.

Sasa rudi kwenye ule mstari: shuka kwa kutembea, upumzike. Wiki 16, ukiacha ile siku ya Morogoro, kila kilima nilichopanda, nilishuka natembea. Hata Makongo nikifika juu Goba nilikuwa napanda daladala kurudi. Nilikuwa na mapafu ya kupanda na mapaja ya mtu wa Sinza.

Siku yenyewe ilikwenda kama mtakavyokuwa mmekwisha kuhisi. Nusu ya kwanza nilijizuia, mlima ulijionyesha kidogo asubuhi ukajifunika. Mweka niliupanda bila kutembea hata hatua moja, isipokuwa kwenye meza za maji, na niliwapita watu wengi waliokuwa wamenipita kwenye tambarare, wakiwemo vijana waliotoka Dar na basi letu. Pale juu kwenye kugeuka nililia kidogo kwa furaha. Nikawaza: zimebaki 10 za kuteremka, hizi ni za bure.

Kilomita 2 baadaye mapaja yalianza kuwaka. Kilomita ya 36 kila hatua ilikuwa kama mtu ananipiga na mwiko juu ya goti. Wale vijana wote wakanipita tena, mmoja mmoja, wengine wakinipa pole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Nilikumbuka tenga la yule mama, nikajaribu hatua fupi fupi, zikanisaidia kidogo, lakini msuli ulioisha umeisha. Kilomita tatu za mwisho nilitembea na kukimbia kwa zamu, nguzo hadi nguzo ya umeme. Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 21. Kushuka Mweka kulinichukua muda karibu sawa na kuupanda.

Je, ningelipa tena? Kwa ile 45,000 ya mwezi wa kwanza, ndiyo, tena haraka. "Mlima uweke mwisho" peke yake ina thamani hiyo, na kuna nidhamu inayokuja ukijua kuna mtu Arusha anasubiri skrinshoti yako. Kwa miezi 3 iliyobaki nilinunua kitu ambacho ningeweza kujiandikia kwenye daftari. Nampa nyota 3 kati ya 5. Ukijiunga na huduma yoyote ya namna hii, muulize kocha swali moja kabla hujatuma hela: kushuka tunajifunza lini? Akikuambia kushuka hakuhitaji mazoezi, hifadhi salio lako.

Baada ya mbio nilimtumia ujumbe mrefu, bila matusi, nikamweleza habari ya kushuka. Alinijibu kwa sauti ya dakika 4, jogoo kama kawaida, akakubali na kunishukuru. Nilidhani ni maneno tu. Lakini rafiki yangu mmoja wa joging alijiunga naye msimu uliofuata, akanionyesha PDF yake ya wiki ya 6. Mstari umebadilishwa kweli: "Panda mara 6. Mara 3 za mwisho shuka kwa kukimbia, hatua fupi." Nilifurahi mpaka nilipoangalia juu ya ukurasa. Jina lililoandikwa pale lilikuwa la kwangu.