Tahadhari kwa mafundi simu Mombasa: mkeka wa kijani na kikuku chake ni feki

Salaam ndugu zangu mafundi. Kuna jamaa anazunguka pande za Mwembe Tayari na kwenye magrupu ya mafundi akiuza mkeka wa kijani wa kuondoa umeme tuli (ule unaojikusanya mwilini na kuua chipu za simu) pamoja na kikuku chake cha mkononi, shilingi 3,500 vyote. Nimenunua, nimeliwa. Jina simtaji kwa sababu kila grupu ana jina lake, na laini za simu anabadilisha kama mashati.

Nianze na kikuku, maana hicho ndicho kinaweza kukuua. Kikuku cha kweli kina rezista, kipande cha kuzuia umeme, ya megaomu 1 (yaani omu milioni moja za ukinzani) ndani ya waya wake. Rezista hiyo inauacha umeme tuli utoke mwilini, lakini ukigusa stima ya volti 240 kwa bahati mbaya, kinachopita kwenye waya huo ni kama miliampia 0.24, ambayo hata huisikii. Mimi nilipima changu kuanzia kile kibamba kinachogusa ngozi mpaka kwenye klipu, mita ikalia tiii, yaani umeme unapita bila kizuizi! Nikadhani nimeiweka vibaya. Nikarudia, ikalia tena. Nikapasua kichwa cha waya kwa wembe: shaba tupu mwanzo hadi mwisho. Yaani nilikuwa nimejifunga ardhini kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika pasi ya kulehemu.

Nikaanza kuushuku na mkeka.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu wengi tunanunua rangi tu. Plastiki ya kawaida haipitishi umeme, kwa hiyo chaji ikikaa juu yake inabaki papo hapo ikisubiri chipu yako. Bati nalo linapitisha mno: chaji inaruka yote kwa mpigo, na cheche hiyo ndiyo inayotoboa chipu. Ukitaka kutoa upepo kwenye tairi hulipasui, unabonyeza vali. Mkeka mzuri ni hiyo vali. Umetengenezwa kwa mpira uliochanganywa na vitu vinavyopitisha umeme, kama unga wa kaboni, ili upitishe kidogo kidogo. Ukinzani wake uwe kati ya megaomu 1 na megaomu 1,000 hivi. Mikeka mingi ya mpira ina tabaka mbili, ya juu ya rangi na ya chini nyeusi inayopitisha zaidi, na kile kifungo cha chuma cha kuungia waya wa ardhi kinapenya mpaka kwenye nyeusi.

Mkeka wangu nilikata ukingo: kijani juu, kijani chini. Kifungo nikakivuta kwa koleo, kikatoka na gundi yake. Kilikuwa kimebandikwa tu!

Mita zetu za kawaida haziwezi kukuambia kitu hapa, maana volti zake ni ndogo na megaomu 100 hazifiki. Nikaazima mega (mita ya kupima ukinzani mkubwa) ya jirani yangu anayefunga nyaya za nyumba, nikaweka vyuma viwili vizito juu ya mkeka na kupima. Mkeka wa zamani wa rafiki yangu wa Tudor ulisoma megaomu arobaini na kitu. Wangu haukusoma chochote, mshale umelala. (Mega inatoa volti nyingi, usishike vile vyuma, na bodi ya mtu isiwe karibu.)

Jamaa nilipompigia akanijibu, "Kaka, Mombasa kuna unyevu, umeme tuli hakuna." Sasa kama hakuna, mbona unauza mkeka? Ni kweli joto la unyevu la kwetu linasaidia, lakini ukifanya kazi kwenye chumba chenye kiyoyozi hewa inakauka. Na usingoje mpaka usikie shoti kidoleni. Mwanadamu huanza kuisikia kwenye volti elfu mbili, tatu hivi, ilhali kuna chipu zinazokufa chini ya volti 100. Nyingine hazifi siku hiyo, simu inarudi baada ya wiki mbili na mteja anakuona mwizi.

Ana pia kikuku "kisicho na waya". Hicho usikitazame mara mbili. Bila waya chaji inakwenda wapi?

Ukikutana naye, kabla ya kutuma pesa pima kikuku mbele yake. Mita isome karibu na megaomu 1. Ikilia, au isisome kabisa, mrudishie. Mwambie pia akuoneshe ukingo wa mkeka. Mimi nilipotaka kumkatia akaukunja haraka akasema ana mteja Likoni.

Walionunua tayari, kikuku hicho msivae tena, hata kwa kazi ya dakika mbili. Mkeka wangu uko mlangoni, watoto wanafutia miguu wakitoka madrasa.