Seli za 18650 au LFP kubwa kwa betri ya kujitengenezea? Nimezitumia zote, haya ndo maoni yangu

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aende zake. Kama unajijengea betri ya sola ya kubeba taa, tivi na friji, chukua seli kubwa za LFP (lithiamu-chuma-fosfeti), zile za mstatili zenye nati juu, hizo ndogo za 18650 waachie wanaopenda kuchezea. Najua kuna watu watakuja juu ila subirini nieleze.

18650 ni zile za duara, milimita 18 unene na 65 urefu, zimejaa kwenye betri za laptopu. Wengi tunaanzia hapo maana ukipasua betri ya laptopu iliyotupwa unakuta mara nyingi zimekufa moja au mbili tu, zingine nzima kabisa. Sasa piga hesabu. Seli iliyotumika inayobakiwa na mAh 2000 (miliampea-saa, 1000 ni Ah 1) inabeba kama Wh 7 hivi (wati-saa, yaani nishati yenyewe), kwahiyo ukitaka Wh 3500 unahitaji karibu seli 500, na kila moja uipime uwezo, uiache ikae uone kama inashuka volti yenyewe, uipange na zinazolingana nayo, uichomelee utepe wa nikeli wa kuiunganisha na wenzake, na ukiwa mtu makini kila moja uiwekee fyuzi yake. Seli 4 za LFP za Ah 280 zinakupa kiasi hichohicho na unafunga kwa spana tu!

Na zile mpya za mtandaoni zenye ganda la rangi zimeandikwa mAh 9900, uongo mtupu. 18650 bora za makampuni makubwa kawaida zinaishia 3500 au 3600 hivi. Iweke kwenye mzani mdogo, seli ya kweli inacheza gramu 45 mpaka 50, ukiona nyepesi sana jua ndani hamna kitu.

Kitu ambacho watu hawakisemi ni volti. LFP 4 kwa mfululizo zinakaa 12.8, zikijaa 14.6, yaani inveta yako ya zamani ya 12V inazipokea bila neno. 18650 hazikubali hivyo, ukifunga 3 kwa mfululizo zikijaa zinafika 12.6 tu, inveta inaanza kulia mapema wakati chaji bado imo ndani, ukifunga 4 zinapanda mpaka 16.8 na inveta nyingi zinazima kwa volti kubwa. Inabidi uende 7 za kuendeshea 24V, haya nunua inveta nyingine tena.

Umri nao usiseme. EVE LF280K, mojawapo ya hizo LFP za Ah 280, kwenye makaratasi yake inaandikwa mizunguko 6000 ya kuchaji na kutumia, sawa hiyo ni ya maabara, nyuzi 25 na seli zimebanwa vizuri, lakini hata ukikata nusu bado 18650 nyingi haziifikii, zenyewe kawaida ni mia kadhaa tu ndo zinaanza kuchoka. Na LFP ikipata joto haikimbilii kuwaka kama hizi 18650 zenye kemia ya nikeli na kobalti. Ila usije ukajisahau, seli ya Ah 280 ukiidondoshea spana ikagusa chanya na hasi inatoa ampea za kuyeyusha chuma, mimi spana zangu zote nimezizungushia tepu ya umeme nimebakiza kichwa tu.

Kasoro za LFP zipo. Volti yake haisemi ukweli, kuanzia asilimia 80 mpaka 20 inakaa palepale 3.3 kushuka 3.2 na kitu, multimita haikusaidii, funga shanti inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Chini ya nyuzi 0 usiichaji kabisa, tafuta BMS (saketi ya kulinda betri) yenye sensa ya joto inayokata yenyewe. Halafu wauzaji. Kuna mzigo mmoja niliuziwa kama daraja A, yaani seli bora kabisa, kufungua boksi alama za QR za kutambulisha seli zimekwanguliwa na tumbo zimevimba, ukisimamisha rula ubavuni mwa seli unaona mwanga unapita pande zote mbili. Nilirudisha, na kurudisha seli za kilo 5 na zaidi kila moja si mchezo, sasa kabla ya kulipa nadai kwanza picha za ubavu na za QR.

Zikifika usikimbilie kuzifunga mfululizo. Ziunge zote sambamba, seti chaja yako 3.65V kabla hujaunganisha, uziache zijae pamoja mpaka ampea zishuke karibu na sifuri. Kwa chaja ya ampea 10 hiyo inaweza kula siku kadhaa, na ndo maana LFP naipa 9 kwa 10 badala ya 10. 18650 naipa 5, na hizo 5 ni za tochi na pawabenki.