Mashine ya kukatia chuma: kagua jiliwa kabla ya kuuliza wati

Geti linagoma kufunga. Grili inaacha uwazi kwenye kona. Fremu ya dirisha inalazimishwa kwa nyundo hadi ikae. Malalamiko ya aina hii yanasikika karakana hadi karakana, Kizota, Nkuhungu na Chang'ombe hapa Dodoma, na lawama huanza kwa paipu kisha zikahamia kwa mchomeleaji. Mara nyingi kosa lilianza siku mashine ya kukatia iliponunuliwa. Mnunuzi aliuliza wati, akauliza bei, akawasha mota akasikia inavuma, akalipa. Jiliwa, yaani vaisi inayoshika chuma kisiyumbe, hakuligusa kabisa.

Tangu serikali ihamie Dodoma, kazi za mageti, madirisha na kenchi za chuma hazikauki hapa mjini, na wauzaji wa mashine wameongezeka nazo. Kwa hiyo mpangilio ulio hapa chini umezingatia kwanza jinsi mashine inavyoshika chuma, na baada ya hapo ndipo nguvu ya mota.

Kwa nini jiliwa

Jiliwa lina mataya mawili. Moja halisogei, jingine linasukumwa na skrubu. Taya lisilosogea ndilo linaloamua kama mkato utakuwa wa digrii 90. Likipinda kwa digrii 1 tu, skwea paipu ya milimita 50 itakatwa ikiwa na kosa la karibu milimita 0.9. Mtu ataona ni kidogo. Lakini ukichomelea kona ya geti kwa kuufuata mkato huo, kwenye urefu wa mita 2 ncha inakuwa imetoka nje kwa milimita 35 hivi. Ukiamua kuinyoosha kona, unabaki na uwazi wa kujaza kwa vijiti, na paipu ya geji 18 yenye ukuta wa milimita 1.2 inatoboka kabla hujaujaza.

Kuna namna ya kupima isiyohitaji kifaa chochote, na muuzaji anayekukatalia kuifanya dukani amekwisha kukujibu. Chukua kipande cha skwea paipu ya milimita 50, kibane, kikate katikati. Laza vipande viwili mezani vikiwa vimetazamana kama vilivyokuwa, kisha kigeuze kimoja juu chini, nyuso mbili zilizokatwa ziendelee kukutana. Zisukume zigusane. Kugeuza huko kunalifanya kosa lionekane mara mbili, kwa hiyo kosa la digrii 1 litatoa uwazi wa karibu milimita 1.75 upande mmoja. Karatasi ya daftari ikikataa kupita, chukua mashine. Ikipita wembe, legeza bolti za taya lisilosogea, lirekebishe kwa skwea ya fundi, kaza, rudia. Ukikata mara ya pili bila kugusa bolti, na kosa likatoka tofauti na la kwanza, usijisumbue tena: tatizo si mpangilio, ni ulegevu. Taya linacheza, au pini ya bawaba ya mkono imekaa kwenye tundu kubwa kuliko yenyewe.

Ulegevu huo ndio wa kuogopwa, kwa sababu hauishii kwenye vipimo. Chuma kikijizungusha kidogo katikati ya mkato, kinaubana msumeno au jiwe, yaani diski ya kukatia. Msumeno wa mkanda unakatika meno. Jiwe linapasuka, na jiwe la milimita 355 kwenye mizunguko 3800 kwa dakika ukingo wake unakwenda karibu mita 70 kwa sekunde. Kipande kinachoruka kwa kasi hiyo hakikupi nafasi ya kukwepa.

Kagua pia uzi wa skrubu na nati yake. Kwenye mashine nyingi za bei ya chini nati ni ya aloi laini, na baada ya miezi michache ya kukazwa kwa nguvu nyuzi zinalika. Shika mpini wa skrubu uuvute na kuusukuma bila kuuzungusha. Ukisogea kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, hiyo ni nati iliyochoka tangu kiwandani.

Nafasi ya kwanza: Makita ya jiwe la milimita 355

Kwa karakana ya mageti, grili na madirisha, nunua Makita. Nasema hivyo wazi wala sizunguki. Kuna 2414NB ya wati 2000 na LW1401 ya wati 2200, zote za mizunguko 3800 kwa dakika. Kuna mashine za kampuni nyingine zenye wati nyingi zaidi. Makita inashinda kwenye jiliwa.

Chukua 2414NB. Nati ya jiliwa inapinduliwa upande wa kushoto, skrubu inaachiliwa, taya linateleza hadi lilipo chuma, nati inarudishwa kulia na unakaza kidogo tu. Kwa anayekata vipande vingi vya grili kwa siku, hilo ni pumziko la mkono. Taya la nyuma linahamishika pia: nafasi ya kawaida inashika kuanzia 0 hadi milimita 170, ukilisogeza unapata 35 hadi 205, au 70 hadi 240. Onyo moja: nati isiporudi kulia hadi mwisho, inashika nusu ya uzi, na chuma kinaachia katikati ya mkato. Mzoeshe kijana wa karakana kuitazama kila anapobana.

Kwa umeme, wati 2200 kwenye volti 230 ni karibu ampea 9.6, soketi ya kawaida inatosha. Waya wa kurefushia uwe wa milimita za mraba 2.5, na usiutumie ukiwa umeviringishwa. Waya mwembamba unashusha volti, jiwe linapunguza kasi, fundi anagandamiza zaidi, mota inaungua na lawama inaangukia mashine. Vumbi la Dodoma nalo lina sehemu yake. Pulizia matundu ya mota kwa kompresa kila mwisho wa wiki, na badilisha kaboni zote mbili kwa pamoja zinapofika kwenye alama ya mwisho wa matumizi.

Unapokagua soma kibao cha mashine. Nyingine za mtumba zinatoka Japani, ambako umeme wa majumbani ni volti 100. Ukiichomeka kwenye soketi ya hapa, imekwisha.

Nafasi ya pili: hakso ya mota, kwa wanaokata vyuma vya moyo

Wengi wataiweka chini, na hapo ndipo tunapotofautiana. Kwa karakana ya tono, yaani ya kukereza vyuma, inayokata shafti, pini na vyuma vya duara visivyo na tundu vya milimita 50 kwenda juu, hakso ya mota bado ni mashine ya maana. Jiwe kwenye shafti nene linaunguza uso, na chuma chenye kaboni nyingi kikipoa kinakuwa kigumu hapo kwenye mkato hadi kisu cha tono kinalalamika.

Mashine hizi zilitokea mwishoni mwa karne ya 19. Mota au mkanda wa karakana ulichukua kazi ya mkono uliokuwa ukisukuma hakso, na kwa kuwa mkono hufanya kazi njia moja, mashine nayo ilirithi hivyo: inakata ikienda upande mmoja, inarudi bure. Tatizo likawa huko kurudi. Meno yakiburuzwa nyuma juu ya chuma yanakuwa butu upesi kuliko yanavyochoka kwa kukata. Watengenezaji wakaweka kemu, gurudumu lisilo duara kamili, inayoinua fremu kidogo wakati wa kurudi, na baadaye hidroliki ikaifanya kazi hiyo kwa ulaini zaidi. Chuma cha haispidi, kilichotokana na kazi ya Frederick Taylor na Maunsel White kule Bethlehem Steel, Marekani, na kuoneshwa Paris mwaka 1900, kikazipa misumeno meno yanayovumilia joto.

Kwa hiyo, baada ya jiliwa, kagua kuinuka. Kwenye mashine ya kemu, zima umeme kabisa, weka ukanda wa karatasi kati ya msumeno na chuma, zungusha puli kwa mkono. Msumeno ukienda kukata, karatasi inabanwa. Ukirudi, karatasi itoke bila kuchanika. Ya hidroliki ijaribiwe ikiwa inafanya kazi: tazama kutoka pembeni, utaona fremu ikipanda kidogo kila inaporudi. Isipopanda, pampu au vali imechoka, na kila msumeno utakaonunua utakufa mapema.

Za India za inchi 7 hadi 12 ndizo rahisi kupata zikiwa mpya. Ukikutana na Kasto ya mtumba, kampuni ya Achern, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1844, na jiliwa lake limenyooka, usiiache kwa sababu ya rangi iliyobabuka. Uliza kwanza kama mota ni ya umeme wa njia tatu, maana kuvuta njia tatu TANESCO ni gharama ya peke yake.

Mashine hii si ya paipu nyembamba. Kanuni ni meno yasiyopungua matatu ndani ya chuma wakati wote. Msumeno wa meno 10 kwa inchi una nafasi ya milimita 2.54 kati ya jino na jino, kwa hiyo unataka unene wa milimita 7.6 au zaidi. Ukiuweka kwenye ukuta wa milimita 1.5, jino moja linaingia, ukuta unalishika, linang'oka. Chuma cha engo kibane mgongo juu na kingo zote mbili chini, kama paa la nyumba. Flati bar ilaze kwa upana wake.

Kisha kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ukibana kipande kifupi upande mmoja wa jiliwa, taya linalosogea linapinda kwa sababu upande wa pili ni mtupu. Weka kipande kingine cha unene uleule upande huo mtupu, ndipo ukaze. Bila hivyo hata Kasto itakata upogo.

Nafasi ya tatu: msumeno wa mkanda

Kwa kasi unaishinda hakso, kwa kuwa unakata mfululizo bila kurudi. Ndiyo sababu viwanda vikubwa viliuhamia, hasa baada ya Leighton Wilkie wa Marekani kuunda wa kukata chuma kwenye miaka ya 1930. Unapoteza chuma kidogo pia: karibu milimita 1 kwa mkato, wakati jiwe linakula 3. Ungekuwa wa kwanza kama mashine ndogo zinazofika huku zingekuwa na jiliwa la heshima. Zile za inchi 4 kwa 6 zina taya lililoshikwa kwa bolti moja, linageuka kwa kila mkazo. Ukiwa na uwezo, ruka hadi ya inchi 7 yenye silinda ya hidroliki ya kushushia fremu.

Kabla ya kulipa, uliza mkanda wake unapatikana wapi. Wa mashine ndogo ni milimita 1640 kwa 13 kwa 0.65, chagua wa metali mbili, mgongo wa springi na meno ya haispidi. Mkato wa kwanza na michache inayofuata, punguza mgandamizo hadi nusu ili ncha za meno zizoee. Ukiukandamiza siku ya kwanza, umeutupa.

Zilizobaki

Mashine ya msumeno wa meno ya kabaidi inakata safi bila joto, mfano Makita LC1230 ya mizunguko 1300. Bei yake na ya misumeno yake ni mzigo kwa karakana ndogo. Wapo wanaonunua msumeno wa kabaidi peke yake na kuufunga kwenye mashine ya jiwe ya mizunguko 3800. Usifanye hivyo hata mara moja: kasi ni karibu mara tatu ya inayotakiwa, na meno yanaruka.

Grenda ya milimita 230 ni ya saiti, kukata nondo na kufumua kazi ya zamani. Haina jiliwa, kwa hiyo haina vipimo.

Zile zisizo na jina zilizoandikwa wati 3500: plagi ya kawaida ina fyuzi ya ampea 13, na 13 mara volti 230 ni wati 2990. Namba hiyo imeandikwa kukuvutia. Ruka.

Bei na mawe

Kinachoudhi zaidi ni mawe. Mteja analipa mashine, analipa nauli ya mzigo kutoka Kariakoo iliyofichwa ndani ya bei, halafu anauziwa jiwe lililokwisha muda. Jiwe la kukatia limeshikwa kwa resini, na resini inachakaa hata jiwe likiwa kwenye boksi. Tarehe ya mwisho imegongwa kwenye pete ya chuma ya katikati, mwezi na mwaka, mfano V 04/2026. Watengenezaji huiweka miaka 3 tangu kutengenezwa. Wauzaji wanaijua pete hiyo, na wapo wanaobandika stika ya bei juu yake. Ibandue. Hakikisha pia limeandikwa mita 80 kwa sekunde, ambayo kwa milimita 355 ni mizunguko 4300, juu ya kasi ya mashine yako. Ligeuze ulikague kwa macho. Lenye ufa au ukingo uliomeguka libaki dukani.

Na usikubali karatasi ya mkono badala ya risiti ya EFD. Ukiuziwa Makita bandia, bila risiti hiyo huna cha kupeleka kwa Tume ya Ushindani, na muuzaji ataapa hajawahi kukuona.