Hedifoni za tachi, hedseti ya gemu na mtandio wangu: uzoefu wa mwalimu wa Kiswahili

Nasomesha Kiswahili kwa njia ya mtandao. Wanafunzi wangu wako Ujerumani na Uingereza, mmoja yuko Japani, na mimi niko chumbani kwangu Kikwajuni, mjini Unguja, dirisha likitazama kichochoro wanachopita watu, vespa na kuku wa jirani. Kwa siku hukaa na hedifoni masikioni saa tano, siku nyengine sita. Nilipokuwa natafuta za kununua, kila niliyemuuliza alinisifia besi na betri. Hakuna aliyeniambia vitufe vinafanyaje kazi kwa mtu aliyejitanda mtandio, na hilo ndilo lililonigharimu.

Za kwanza nilizinunua Darajani kwa laki moja na nusu. Kampuni sizitaji, hizi wala zile za pili, kwa sababu ninayoyasema utayakuta kwenye hedifoni nyingi za bei hiyo. Ni za Bluetooth, nyepesi, zinazuia kelele, na hazina kitufe zaidi ya kile cha kuwashia. Mambo mengine yote ni tachi kwenye kifuniko cha sikio la kulia. Ukigonga mara mbili muziki unasimama au simu inapokewa. Ukitelezesha kidole juu sauti inapanda, ukishusha inashuka. Ukibandika kiganja, kinga ya kelele inajiweka kando na sauti za nje zinaingia, unamsikia mtu aliye mbele yako. Dukani nilizijaribu nikazipenda. Lakini dukani nilizivaa dakika mbili tu, juu ya mtandio, na feni imenielekea.

Mwenye kujitanda ana njia mbili za kuvaa hedifoni. Akizivaa juu ya mtandio, kitambaa kinakaa baina ya sponji na kichwa, panabaki upenyo, besi inapotea na kelele za kichochoroni zinaingia. Akizivaa chini ya mtandio, sauti inatimia, ila sasa kidole hakigusi hedifoni, kinagusa nguo. Tachi haisikii kubonyezwa. Inahisi mabadiliko madogo ya umeme pale ncha ya kidole inapokaribia. Shifoni nyepesi inapitisha. Pamba iliyokunjwa mara mbili ilikuwa inapitisha inapotaka yenyewe. Na ukitengeneza mtandio wako ulioteleza, jambo tunalolifanya bila hata kufikiri, mkono unapita sikioni na sauti inapanda ghafla au simu inakatika. Ilipoingia kaskazi ndipo nilipochoka kabisa. Jasho nalo linapitisha umeme, na mtandio uliolowa ukigandana na kifuniko, hedifoni zinaamua kuwa umezigusa.

Sasa niseme lililonifanya niziache. Nilikuwa katikati ya somo, shangazi akaingia, nikamwona usoni kuwa kuna jambo. Kwenye zile hedifoni maiki huzimwa kwa kugonga mara mbili na kushikilia. Nikafanya hivyo, nikasikia mlio, nikajua imezimika. Kumbe mlio wa kuzima na wa kuwasha unakaribiana sana, na kidole changu juu ya kitambaa kilikuwa kimezima na kuwasha kwa mpigo mmoja. Shangazi akanieleza habari ya maradhi ya mtu wetu wa nyumbani, habari ambayo hata majirani walikuwa hawajaambiwa. Nilipogeukia kioo cha laptopu, mwanafunzi wangu, mama mtu mzima, alikuwa ameinamisha uso. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, pole sana. Nimesikia." Ni muungwana na hakulirejea tena jambo lile. Lakini mimi usiku ule sikulala. Habari za ndani zina sitara yake, na mgonjwa wetu hakuniruhusu kuitoa sitara hiyo mpaka ng'ambo ya bahari.

Kuna tatizo jengine ambalo nililibeba miezi bila kulijua, na hili si la kampuni yoyote, ni la Bluetooth yenyewe. Bluetooth tuliyoizoea ina njia mbili za kupeleka sauti. Ya muziki ni pana na safi, lakini inakwenda upande mmoja tu, kutoka kompyuta kuja masikioni. Ya simu inakwenda na kurudi, lakini ni nyembamba. Ukiwasha maiki ya hedifoni, kila kitu kinahamia njia ya simu, hata unachokisikia wewe. Ile ya zamani inakata sauti zilizo juu ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 4,000 hivi, na iliyoboreshwa inafika kama 8,000. Kwa anayempigia simu mtu wa nyumbani haina neno. Kwa anayesomesha matamshi ni hasara, maana sauti za s, f na th zina nguvu yake huko huko juu kunakokatwa.

Mwanafunzi wangu wa Japani alikuwa anahesabu. Ishirini na tisa, kisha nikasikia "selasini". Nikamsahihisha. Akarudia, nikasikia "selasini" tena. Mara ya tatu akaniambia, "Lakini Mwalimu, nasema th." Nikazivua hedifoni, nikachomeka iafoni za waya za simu yangu ya zamani, nikamwomba arudie. Thelathini, safi kabisa, ulimi uko baina ya meno. Alikuwa anasema sawasawa tangu mwanzo, na mimi nilikuwa namtoa kwenye njia. Nilimwomba radhi. Kuna Bluetooth mpya ya aina ya LE Audio iliyokuja kurekebisha hili, lakini lazima kompyuta na hedifoni ziwe nayo zote mbili, na laptopu yangu haina.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyenifungua macho. Yuko kidato cha tatu na usiku akimaliza kudurusu hucheza mpira kwenye PlayStation 4 na wenzake wa Chake Chake na Wete. PlayStation 4 haipokei hedifoni za kawaida za Bluetooth, na hata PlayStation 5 vilevile, kwa hiyo yeye alinunua hedseti ya gemu inayokuja na kidude chake cha USB. Kidude kile kinapeleka redio yake chenyewe, kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na njia yake ni pana kwenda na kurudi. Pia haicheleweshi kiasi cha kuhisika. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mchezaji hawezi kusubiri hivyo. Akaniambia, "Dada, jaribu yangu somo moja tu." Nilijaribu somo moja, na mwisho wa mwezi nikaenda kununua yangu, laki mbili na ishirini. (Mwenye Xbox, mashine nyengine ya gemu, aulize kwanza. Ile ina mfumo wake, na vidude vingi vya namna hii haivikubali.)

Hebu nieleze vitufe vyake, maana hapa ndipo penye raha yangu. Sikio la kushoto, ukingoni kwa nyuma, kuna gurudumu la sauti lenye meno madogo. Kidole gumba kinalipata hata chini ya pamba ya kukunja mara mbili, na kila jino linapopita unalihisi. Juu yake kuna kitufe cha kuwashia, kirefu, kimezama kidogo ili usikibonyeze kwa bahati mbaya. Sikio la kulia lina gurudumu jengine ambalo nitalirejea. Kila kimoja kina umbo lake, na baada ya siku mbili vidole vilishavijua.

Maiki imo kwenye mkono unaoshuka mbele ya mdomo. Ukiuinua juu, maiki inazimika. Pale inapozimika pana "tak" ndogo ambayo naihisi kwenye mfupa wa shavu, sihitaji kutazama kioo wala kusikiliza mlio. Baada ya yaliyonipata sikuamini maneno ya kwenye boksi. Nilijirekodi nikihesabu moja mpaka ishirini, nikauinua mkono wa maiki nilipofika saba na kuushusha kumi na mbili. Niliposikiliza, sita ilikuwepo, kisha kimya, kisha kumi na mbili. Nikarudia mara nne. Sasa mtu akipiga hodi mkono wa maiki unapanda kabla sijaitikia, na mwanafunzi ananiona nimeuinua, anajua nimetoka kidogo.

Jambo jengine ambalo sikujua kama lipo ni kujisikia. Hedifoni zilizofunika masikio zinakuziba usijisikie unavyosema, na asiyejisikia hupaza sauti. Mama alikuwa anagonga mlango, "Mwanangu, unagombana na nani?" Hedseti hii inarudisha kidogo sauti yako masikioni mwako, na kwenye programu yake unachagua kiasi. Nimeiweka nusu. Koo langu jioni haliwashi tena, na naisikia "gh" yangu mwenyewe ninapomwonyesha mtu tofauti ya ghali na kali.

Gurudumu la kulia limetengenezwa kwa ajili ya wachezaji: ukilizungusha mbele sauti ya gemu inakua, nyuma sauti za wenzako zinakua. Mimi gemu sina. Lakini nikaona laptopu inaiona hedseti kama vitu viwili, kimoja cha gemu na kimoja cha mazungumzo. Nikaiweka Zoom, programu ninayosomeshea, kwenye mazungumzo, na rekodi zangu za masomo kwenye gemu. Sasa nikimchezea mwanafunzi mazungumzo ya sokoni ili arudie sentensi kwa sentensi, nazungusha gurudumu: rekodi inapanda, mwanafunzi anashuka, kisha kinyume chake, bila ya kugusa kompyuta. Kwa mwalimu wa lugha hili peke yake linatosha kulipia hedseti.

Dosari zake nazo nizitaje. Ni nzito, na siku ya saa sita shingo inaijua. Haiungani na simu, kwa hiyo simu zinanipita. Haina ile hali ya kuingiza sauti za nje, na hapo zile za tachi zinaishinda wazi: kwa kiganja kimoja nilikuwa naisikia adhana vizuri, ambapo kwa hii inabidi nisogeze kifuniko nyuma ya sikio ninapokaribia wakati wa sala. Mara ya kwanza sauti ilikuwa inakatikakatika, nikadhani nimeuziwa mbovu. Kumbe nilikuwa nimekichomeka kile kidude ubavuni mwa diski ya nje ya USB 3, na vifaa vya USB 3 huvuma kwenye masafa hayo hayo. Nilipokitoa kwa waya mfupi kikawa mbali na diski, kukatika kukaisha.

Joto ndilo adui mkubwa wa hapa kwetu. Sponji zimevishwa ngozi bandia, na kwa jasho na unyevunyevu wa Unguja ngozi ile hubanduka. Nimechukua kanga iliyochakaa, nikakata duara mbili, nikashona vifuko vyenye mpira ukingoni, nikavivisha. Besi imepungua kidogo kwa sababu hewa inapenya, lakini masikio hayaungui, na vifuko nafua kila Ijumaa.

Ukienda kununua, nenda umejitanda vile unavyojitanda kazini, kwa kitambaa kile kile. Mwombe muuzaji azitoe kwenye boksi, zivae, fumba macho, kisha tafuta sauti, tafuta maiki. Uliza kama zina tundu la waya wa milimita 3.5, kwa sababu betri ikiisha umeme ukiwa umekatika, waya huo unakumalizia somo. Kama unasema zaidi kuliko unavyosikiliza, tafuta zenye kidude cha USB.

Zile za tachi sikuziuza, nimempa mama. Yeye anasikiliza Kurani asubuhi na taarabu jioni, chumbani, kichwa wazi, vidole vikavu, na kwake zinamtii kila mguso. Mtu akipiga hodi huzibandika kiganja sikioni na kuitikia "Karibu" bila hata kuzivua.