Treni ya Juu ya Chicago: Huduma Inayoupa Mji Sura Yake

Wengi huusifu mji wa Chicago kwa majengo yake marefu, lakini kwa maoni yangu kinachoutofautisha zaidi na miji mingine mikubwa ya Marekani ni treni ipitayo juu ya barabara, ambayo wenyeji huiita "L". Huduma hii ilianza mwaka 1892, na mzunguko wa katikati ya mji, Loop, ulikamilika mwaka 1897. Mgeni ningemshauri apande Brown Line, mojawapo ya njia za treni hii, na kuketi dirishani, kwani treni huvuka Mto Chicago, kisha hupinda polepole kati ya majengo, magurudumu yakilia kwenye kona, karibu kabisa na madirisha ya ofisi ambamo watu wanaendelea na kazi zao. Kelele ni kubwa, na baadhi ya vituo vya zamani havina lifti, kasoro nzito kwa wazee na watu wenye ulemavu. Mgeni huyo asikose kushuka Quincy, kituo cha mwaka 1897 kilichokarabatiwa kwa uangalifu mkubwa ili kibaki na sura yake ya awali.